Kupima na Kubashiri Mtindo: Somo la Hesabu Kutokana na Kanga

Mwenye duka la kanga huko Msasani hununua leo kitu ambacho wateja wake watakipenda au kukikataa baada ya majuma kadhaa. Fedha anazotoa ni za leo. Hukumu ni ya kesho. Akiagiza matoleo ambayo hayapendwi, mtaji wake hulala rafuni ukifanya vumbi. Akiagiza kidogo mno toleo linalopendwa, wateja huenda kwa jirani, na pengine hawarudi. Kiwanda nacho kina tatizo hilo hilo kwa kiasi kikubwa zaidi. Kila rangi ya kanga huhitaji kifaa chake cha kupigia chapa, na gharama ya kuvitayarisha vifaa hivyo ni ile ile, zipigwe doti mia au doti elfu kumi. Kwa hiyo kiwanda hakiwezi kupiga doti chache za kila toleo na kungoja kuona litakalopendwa.

Watu husema kwamba mapenzi hayana mizani. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba mapenzi ya mtu mmoja ni vigumu kuyapima, lakini mapenzi ya watu wengi kwa pamoja yana utaratibu, na utaratibu huo waweza kuhesabiwa. Hesabu inayohitajika haizidi ile inayofundishwa katika shule za sekondari: grafu, wastani, sampuli na uwezekano. Hata hivyo tutaona pia kwamba mwenye kuhesabu asipojua anahesabu nini, tarakimu zake zaweza kumpotosha kuliko mtu asiyehesabu kabisa.

DESTURI, MTINDO NA KISHINDO

Kabla ya kupima kitu yapasa tujue ni kitu gani. Nguo zinazouzwa dukani zaweza kugawanywa katika mafungu matatu kwa kufuata mwendo wa mauzo yake.

Fungu la kwanza ni nguo za desturi. Mfano wake ulio bora ni kisutu, kanga ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo bibi harusi wa pwani huvishwa. Watu huoa mwaka huu na wataoa mwakani, kwa hiyo kisutu hakipitwi na wakati. Mauzo yake yakichorwa kwenye grafu hutoa mstari unaokaribia kuwa wa ulalo.

Fungu la pili ni nguo za mtindo, yaani matoleo mapya ambayo huanza kwa watu wachache, huenea, hufika kilele, kisha huachwa kwa ajili ya matoleo mengine.

Fungu la tatu ni nguo za kishindo. Hizi hutokana na tukio fulani, hupanda ghafla na kushuka ghafla. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008, kwa mfano, ilitolewa kanga yenye picha ya Barack Obama. Kanga ya namna hii hununuliwa kwa sababu ya habari, na habari ikishachakaa, kanga iliyobaki dukani huchakaa nayo.

Kosa la kwanza la mfanyabiashara ni kuchukua fungu moja kuwa jingine. Aliyeuza doti nyingi za kishindo kwa juma moja akadhani ameona mwanzo wa mtindo, ataagiza bidhaa ambayo siku ya kufika haitakuwa na mnunuzi.

WALIOSHINDWA NA WALIOFAULU

Katika pwani yetu tatizo hili si geni. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na kwa miaka mingi iliyofuata kitambaa cheupe cha pamba kilichotoka huko kiliuzwa kwa wingi hata kikaitwa merekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipunguza sana kitambaa hicho, na vitambaa vya Uingereza na vya India vikapata nafasi.

Misafara iliyokwenda bara ilikuwa na tatizo gumu zaidi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1857 na 1858, aliandika kwa urefu juu ya aina nyingi za shanga, majina yake na mahali kila aina ilipopendwa. Ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulithaminiwa sana, na aina nyingine zilikubaliwa katika nchi moja na kukataliwa katika nchi ya jirani. Joseph Thomson naye, alipokuwa Taveta mwaka 1883 akijiandaa kuingia nchi ya Wamasai, aliwalazimu watu wake kuzitunga upya shanga zake kwa urefu uliotakiwa na Wamasai, kwa maana bila ya hivyo zisingepokewa. Msafara uliobeba mzigo usiotakiwa ulikuwa umebeba mawe.

Kanga yenyewe ilianza kuenea katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba, na wanawake wengi waliokuwa wamevaa merekani na kaniki wakavaa kanga kuwa alama ya uungwana wao. Nguo hizo zilipigwa chapa India na Ulaya, na baadaye pia Japani. Miongoni mwa waliozipiga chapa ilikuwamo Vlisco ya mji wa Helmond, Uholanzi. Lakini mchoraji wa Helmond hakumjua mwanamke wa Ng'ambo. Aliyemjua ni mwenye duka. Huyo ndiye aliyesikiliza maneno ya wateja, akapeleka ng'ambo ya bahari maelezo ya rangi, nakshi na jina, yaani maandishi yanayosomwa kwenye kanga. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye alama ya kanga zake ilijulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla", anakumbukwa hasa kwa kueneza kanga zenye jina. Baadaye kazi ya kupiga chapa ilifika nyumbani. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilianza kazi.

Historia hii yote inatufundisha jambo moja: bashiri njema ilitoka kwa yule aliyekuwa karibu na mvaaji. Kazi ya hesabu ni kuyapa maarifa ya mtu huyo kipimo ambacho mwingine anaweza kukihakiki.

MFANO WA MSASANI

Tuchukue mfano wa darasani. Wanafunzi wamekaa karibu na soko la Namanga, Msasani, kila Jumamosi asubuhi kwa majuma kumi. Wamechagua toleo moja jipya la kanga, na wanahesabu ni wanawake wangapi, katika kila mia wanaopita wakiwa wamevaa kanga, wamevaa toleo hilo. Tarakimu zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya somo.

Juma la 1: 1
Juma la 2: 2
Juma la 3: 4
Juma la 4: 8
Juma la 5: 15
Juma la 6: 26
Juma la 7: 38
Juma la 8: 47
Juma la 9: 52
Juma la 10: 54

Tukichora grafu, majuma yakiwa kwenye mhimili wa ulalo na wavaaji kwenye mhimili wa wima, tutapata mstari wenye umbo la herufi S iliyolazwa: hupanda polepole, kisha kwa kasi, kisha polepole tena. Mtu anayetazama idadi ya wavaaji tu ataona kwamba juma la 10 ndilo bora kupita yote, kwani toleo limejaa mtaani.

Sasa tutoe kila tarakimu kutoka kwa ile inayoifuata, ili tupate wavaaji wapya wa kila juma: 1, 2, 4, 7, 11, 12, 9, 5, 2. Picha inabadilika kabisa. Wapya walikuwa wengi kuliko wakati wowote kati ya juma la 6 na la 7, walipokuwa 12. Tangu hapo wamekuwa wakipungua. Na mwenye duka hawauzii wavaaji wote, anawauzia wapya. Katika juma la 10, ambapo toleo linaonekana kila mahali, wanunuzi wamekwisha.

Tuchukue kwamba shehena huchukua majuma manne kutoka siku ya kuagizwa hadi kufika dukani. Mwenye duka aliyefurahishwa na mauzo ya juma la 7 akaagiza shehena kubwa, ataipokea juma la 11, wakati wapya hawafiki hata wawili katika mia. Aliyeagiza juma la 3, alipoona wapya wanaongezeka maradufu kila juma, ataipokea juma la 7, katika kilele chenyewe. Kwa ufupi, anayeagiza kwa kutazama kilele hupokea bonde.

KWA NINI UMBO LA S?

Umbo hili halikugunduliwa katika maduka ya nguo. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao juu ya wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani, walivyopokea mbegu ya mahindi chotara, na wakaona mwendo wa namna hii. Everett Rogers alikusanya mifano mingi ya aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1962, na mwaka 1969 Frank Bass akatoa fomula ya kuueleza mwendo huo kwa bidhaa mpya.

Wazo lake si gumu. Watu wachache hununua kitu kipya kwa hiari yao, bila kungoja wengine. Walio wengi hununua baada ya kukiona kwa wenzao. Ili mtu mpya apatikane, lazima wawepo wawili: aliyekwisha kuvaa, ambaye anaonekana, na ambaye hajavaa, ambaye anaona. Basi wapya hulingana takriban na zao la idadi ya waliovaa na idadi ya waliobaki.

Tuseme kwamba katika mfano wetu wanaoweza hatimaye kulivaa toleo hili ni 56 katika mia. Wakiwa waliovaa ni 4, waliobaki ni 52, na zao ni 208. Wakiwa waliovaa ni 26, waliobaki ni 30, na zao ni 780. Wakiwa waliovaa ni 52, waliobaki ni 4, na zao ni 208 tena. Mwanzoni kasi ni ndogo kwa kuwa waonyeshaji ni wachache; mwishoni kasi ni ndogo kwa kuwa waonyeshwaji ni wachache. Kilele cha mauzo huwa karibu na nusu ya safari, wala si mwishoni mwake.

Kwa mitindo inayobadilika polepole, kama urefu wa nguo, vipimo vingine vimetumika. A. L. Kroeber mwaka 1919, na tena akishirikiana na Jane Richardson mwaka 1940, alipima urefu na upana wa magauni katika picha za mitindo ya Ulaya na Marekani. Utafiti wa pili ulihusu karne tatu. Waliona kwamba upana wa sketi ulipanda na kushuka kwa mawimbi marefu ambayo hakuna fundi mmoja aliyeyatawala.

MAKOSA MATATU YA KUPIMA

La kwanza ni kosa la sampuli. Tukihesabu watu mia tu, bahati peke yake yaweza kutupa tarakimu iliyozidi au kupungua. Kanuni rahisi ni kwamba kosa hilo halizidi, mara nyingi, 1 iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohesabiwa. Kwa watu 100 ni sehemu moja ya kumi, yaani 10 katika mia. Kwa watu 400 ni 5 katika mia. Ili kulipunguza kosa kwa nusu, yapasa kazi iongezwe mara nne. Kwa hiyo tofauti ya 52 na 54 haina maana kwa sampuli ya mia moja. Tunachoweza kukiamini ni mwelekeo wa majuma kadhaa, nao ni bora utokane na hesabu ya watu wengi. Zaidi ya hayo, mahali pa kuhesabia ni muhimu. Msasani ni ya wavuvi na wachuuzi, na vilevile ni ya majumba makubwa ya rasini. Aliyehesabu katika njia moja tu amepima njia hiyo, hajapima Msasani.

La pili ni kudhani kwamba mauzo ni sawa na mahitaji. Duka lililokuwa na doti 20 likaziuza zote siku ya Jumanne, litaandika daftarini kwamba limeuza 20, hata kama wateja wengine 30 walikuja Jumatano wakarudi mikono mitupu. Daftari halimwoni aliyerudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa bidhaa, nguo zikiwamo. Wakati wa uhaba mtu hununua kanga aliyoipata wala si aliyoipenda, na takriban kila toleo huuzwa. Mtakwimu ambaye angesoma madaftari ya wakati wa namna hiyo angesema kwamba nakshi zote zinapendwa sawasawa. Dawa yake ni ndogo: mwuzaji awe na daftari la pili, aandike kila kitu kilichoulizwa kisipatikane.

La tatu ni kosa la kalenda. Mauzo ya nguo huongezeka kabla ya sikukuu. Krismasi haihami, lakini mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na kwa hiyo Idi hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2024 Idi el-Fitri ilikuwa karibu na tarehe 10 Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi. Mfanyabiashara atakayelinganisha Aprili ya 2024 na Aprili ya 2025 ataona mauzo yameporomoka, naye huenda akaliacha toleo zuri kwa kosa la mwezi mwandamo. Yampasa alinganishe majuma ya kabla ya Idi na majuma ya kabla ya Idi.

KUTOKA BASHIRI HADI UAMUZI

Hata bashiri iliyo nzuri haitoi tarakimu moja. Hutoa tarakimu nyingi, kila moja na uwezekano wake. Tuseme madaftari ya duka yanaonyesha kwamba, katika kila matoleo kumi yaliyofanana na hili, mawili yalihitajiwa doti 10, matatu doti 20, matatu doti 30 na mawili doti 40. Wastani ni 25. Doti hununuliwa kwa shilingi 8,000 na kuuzwa kwa shilingi 12,000; iliyobaki baada ya msimu huuzwa kwa shilingi 5,000. Basi doti iliyouzwa huleta faida ya 4,000, na iliyobaki huleta hasara ya 3,000.

Akiagiza doti 10, faida yake ya wastani ni shilingi 40,000. Akiagiza 20, ni shilingi 66,000. Akiagiza 30, ni shilingi 71,000. Akiagiza 40, inarudi chini hadi shilingi 55,000. Kwa hiyo aagize 30, ambazo zinazidi wastani wa mahitaji.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu: mabaki yauzwe kwa shilingi 2,000 badala ya 5,000. Bashiri haijabadilika hata kidogo, lakini jibu limebadilika: sasa aagize 20, kwa faida ya wastani ya shilingi 60,000, kwani 30 zitampa 50,000. Mwanafunzi na aangalie vizuri hapa. Mahitaji ni swali moja, na kiasi cha kuagiza ni swali jingine; la pili hutegemea pia uchungu wa kukosea. Mfanyabiashara mdogo ambaye mtaji wake wote umo katika shehena moja ana haki ya kuogopa kuliko tajiri wa Mtaa wa Uhuru, hata kama wote wawili wamesoma bashiri ile ile.

MIPAKA YA ELIMU HII

Leo kuna makampuni, kama WGSN iliyoanzishwa London mwaka 1998, ambayo kazi yake ni kuwauzia wafanyabiashara bashiri za mitindo, na kompyuta huchambua picha na mauzo kwa wingi ambao mtu hawezi. Misingi, hata hivyo, ni hii tuliyoieleza. Nayo ina mipaka. Hesabu yaweza kutuambia kwamba toleo linaenea kwa kasi gani baada ya kuanza kuenea. Haiwezi kutuambia kwa hakika ni toleo gani, kati ya kumi yaliyofika leo, litakaloanza. Kanga ina jambo la ziada: huvaliwa na husomwa. Nakshi nzuri yaweza kuangushwa na jina lisilo na mguso, na jina kali laweza kuibeba nakshi ya kawaida. Jambo hilo bado lahitaji sikio la mtu anayejua lugha na watu wake. Hesabu humsaidia mwenye sikio hilo. Haichukui nafasi yake.

MAZOEZI

1. Chora grafu mbili kwa kutumia jedwali la Msasani: moja ya wavaaji wote na moja ya wavaaji wapya. Eleza ni grafu ipi inayomfaa mwenye duka, na kwa nini.

2. Kwa kuchukua kwamba wanaoweza kulivaa toleo ni 56 katika mia, tafuta zao la waliovaa na waliobaki kwa kila juma. Je, zao kubwa kabisa linaangukia wapi? Linganisha na wavaaji wapya.

3. Thibitisha faida za wastani zilizotajwa kwa maagizo ya doti 10, 20, 30 na 40. Kisha tafuta ni bei gani ya mabaki inayofanya agizo la 20 na la 30 kuwa sawa.

4. Kazi ya nje: chagueni nguo au kiatu kimoja kinachoanza kuonekana katika mtaa wenu. Kihesabuni kwa majuma sita, mahali pawili tofauti, watu wasiopungua 400 kila juma, bila kuandika jina la mtu yeyote. Mwishoni mwa juma la nne andikeni bashiri yenu ya juma la sita na kuifunga katika bahasha. Ifungueni baada ya kuhesabu, mkajadili palipotokea tofauti.